Mwindaji na Nyati Katika Sarafu Moja

Mtu akiiweka kiganjani ile dola ya fedha iliyofuliwa Marekani mwaka 2001, jambo la kwanza atakalolihisi ni uzito wake, kwani ni gramu 26.73, upungufu mdogo tu chini ya riale ya Maria Theresa iliyokuwa ikipita mikononi mwa mababu zetu wa pwani. Na jambo la pili, kabla hata hajaisogeza penye mwanga, ni kwamba uso wake una milima na mabonde, hata kipofu angeweza kuisoma kwa ncha ya kidole. Upande mmoja kimenakshiwa kichwa cha mwanamume wa makamo aliyeelekea kuume, mashavu yake makavu, pua yake ndefu, nywele zimesukwa na kufungwa, na manyoya ya ndege yamechomekwa utosini. Upande wa pili amesimama nyati wa nyika za Amerika ya Kaskazini, yule ambaye wataalamu humwita baisani, ameelekea kushoto, kichwa amekiinamisha kwa uzito wake chenyewe, na nundu yake inakaribia kugusa ukingo wa sarafu.

Mwindaji yuko huku na windo lake liko kule, wamepeana migongo, na kati yao pana unene wa milimita chache za fedha. Katika sarafu nzima hamna upinde, hamna mkuki, hamna farasi wala vumbi. Sarafu hii husifiwa na wakusanyaji kuwa ni ukumbusho wa maisha ya wenyeji wa asili wa nyika zile, watu ambao vitabu vyetu vya zamani viliwaita Wahindi Wekundu kwa kufuata kosa la baharia aliyedhani amefika Bara Hindi, na maisha yao yalikuwa uwindaji. Lakini uwindaji wenyewe haukuonyeshwa. Nimeitazama mara nyingi, na kila mara huona kuwa upungufu huo haukuja kwa sahau ya mchoraji, bali una tarikhi yake.

Kwanza yafaa kueleza ni uwindaji gani. Watu wa Blackfoot, ambao nchi yao imelala pande zote mbili za mpaka wa Kanada na Marekani mashariki ya Milima ya Rocky, waliwinda kwa miguu karne nyingi kabla farasi hajawafikia, na silaha yao kubwa haikuwa mshale bali maarifa ya tabia za nyati. Katika jimbo la Alberta liko genge liitwalo Head-Smashed-In Buffalo Jump, ambalo mwaka 1981 liliandikwa katika orodha ya UNESCO ya turathi za ulimwengu, na mahali hapo nyati waliwindwa kwa muda wa zaidi ya miaka 5,500 kwa mbinu moja: yalipangwa marundo madogo ya mawe, mstari huku na mstari kule, kilomita kadhaa kutoka malishoni mpaka ukingo wa genge, mithili ya uzio wa wando uongozao samaki wasikokusudia. Vijana wenye mbio, waliojua kuigiza, walijifunika ngozi, mmoja akajifanya ndama aliyepotea na kulia kama ndama, ili majike ya kundi yamfuate kwa huruma. Wengine wakajifunika ngozi za mbwa mwitu wakawanyemelea kwa nyuma, ili kundi lizidi kusonga mbele. Walipokaribia, watu waliojificha nyuma ya mawe waliibuka wakipiga kelele na kupunga ngozi, na nyati, ambaye akishaanza mbio hana uwezo wa kusimama kwa kuwa walio nyuma humsukuma, alitoka ardhini akawa hewani. Chini ya genge lile mifupa imelaliana kwa kina cha mita nyingi, tabaka juu ya tabaka, kama kurasa za kitabu.

Na hakikutupwa kitu, au kwa insafu niseme kilitupwa kidogo, maana siku ambayo kundi kubwa liliporomoka kwa pamoja hapana kijiji kingeweza kumaliza yote. Ngozi ilikuwa hema, nguo na kitanda. Mishipa ilikuwa uzi na ugwe wa upinde. Pembe ilikuwa mwiko. Tumbo lilitundikwa kwenye miti likatiwa maji na mawe ya moto likawa chungu. Mavi makavu yalikuwa kuni katika nchi isiyo na miti. Nyama iliyoanikwa ilitwangwa, ikachanganywa na mafuta na matunda ya porini, ikawa chakula kiitwacho pemikani, ambacho msafiri huweza kukaa nacho miezi na miezi kisioze, na mwenye kumjua mvuvi wetu na ng'onda wake hatashangaa kwamba akili ya binadamu imefika mahali pamoja kwa njia mbili. Baadaye farasi wa Wahispania walipoenea nyikani, mwindaji alipanda, akatumia upinde mfupi, akapiga mbio sambamba na mnyama, na uwindaji huo wa juu ya farasi ndio aghalabu huchorwa katika sarafu za siku hizi, kwa sababu una mwendo na fahari.

Kisha yakaja yaliyokuja. Hukisiwa kuwa nyati hao walikuwa wasiopungua milioni 30, na mwaka 1889, mtaalamu wa wanyama William Hornaday alipotangaza hesabu yake, katika bara lote la Amerika ya Kaskazini hawakufika 1,100. Reli ilivuka bara mwaka 1869. Miaka miwili baadaye wenye viwanda vya ngozi waligundua namna ya kuifanya ngozi ya nyati kuwa mikanda ya mashine. Wawindaji wa bunduki wakamiminika, wakachuna ngozi na kuuacha mzoga uoze juani. Bunge la Marekani lilipitisha mswada wa kuwahifadhi mwaka 1874, na Rais Grant akaukalia bila kuutia saini mpaka ukafa. Wako wakuu wa jeshi ambao hawakuficha furaha yao, kwani walijua kuwa aliyenyang'anywa nyati amenyang'anywa hema, chungu na chakula, na hatakuwa na nguvu ya kupigania ardhi.

Katika kizazi hicho alizaliwa James Earle Fraser, mwaka 1876, akalelewa katika nchi ya Dakota, baba yake akiwa mhandisi wa reli. Mtoto wa mjenga reli ndiye aliyekuja kuwa mchonga sanamu mashuhuri, na mwaka 1913 serikali ilipotoa sura mpya ya sarafu ya senti tano, ndiye aliyewapa kichwa kile na nyati yule. Dola ya 2001 ni mtoto wa senti tano hiyo, mchoro ni ule ule ulioletwa tena katika fedha. Alipoulizwa kichwa ni cha nani, Fraser alijibu kuwa si cha mtu mmoja, amekichanganya kutokana na nyuso kadhaa, akawataja Iron Tail wa kabila la Lakota na Two Moons wa Cheyenne. Huyu Two Moons alikuwa miongoni mwa waliopigana katika vita vya Little Bighorn walipomshinda Jenerali Custer, mwaka ule ule wa 1876 aliozaliwa mchongaji wake. Na Iron Tail, uzeeni mwake, alikuwa akizunguka miji na maonyesho ya Buffalo Bill, akiigiza mbele ya watu waliolipa kiingilio yale aliyoyaishi bure ujanani.

Na nyati je? Inasimuliwa kuwa kielelezo chake kilikuwa dume aliyeitwa Black Diamond, aliyefungwa katika bustani ya wanyama ya Central Park, New York, ambaye hakupata kuona nyika wala kukimbizwa na mtu aliyejifunika ngozi ya mbwa mwitu. Mwaka 1915, alipokuwa amezeeka, bustani ilimnadi. Mfanyabiashara wa nyama akamnunua kwa dola 300, akamchinja, akaiuza nyama kwa jina lake, na kichwa kikakaushwa kikatundikwa ukutani. Wakati huo sura yake ilikuwa katika mifuko ya mamilioni ya watu, na iliendelea kufuliwa hadi mwaka 1938.

Hivyo sarafu ilikuja baada ya matanga. Dola ya 2001 ilifuliwa kwa sheria ya bunge, isizidi 500,000, fedha sehemu 90 na shaba sehemu 10, ikauzika yote kwa muda mfupi sana, na katika kila moja mnunuzi alitoa dola 10 za ziada zilizokwenda kwenye jumba la makumbusho ya wenyeji wa asili, lililofunguliwa Washington mwezi wa Septemba 2004. Dola milioni tano si haba. Ila msomaji na aangalie mzunguko wake: serikali ambayo rais wake alikataa kumlinda nyati ilimfanya nyati pambo, ikauza pambo, na katika faida ikawajengea waliobaki nyumba ya kuwekea vitu vya wazee wao. Mwaka 2016 ikamtangaza nyati kuwa mamalia rasmi wa taifa.

Kama ni upinde unaotafutwa, uko katika sarafu nyingine, nayo kwangu ni bora kuliko zote za Marekani kwa ufundi. Ni nusu dola ya ukumbusho wa Oregon Trail, iliyoanza kufuliwa mwaka 1926 na kukoma mwaka 1939, kazi ya Fraser pamoja na mkewe, Laura Gardin Fraser. Upande wa mume kuna gari la turubai linalokokotwa na maksai kuelekea jua linalokuchwa. Upande wa mke amesimama mwenyeji wa asili juu ya ramani ya nchi nzima, mkono mmoja ameshika upinde na mwingine ameunyosha, kiganja wazi. Wako wanaosema anawakaribisha wageni na wako wanaosema anawaambia simameni. Makusudi ya sarafu yalikuwa kuchangia alama za ile njia iliyopitwa na wahamiaji kwenda magharibi, na mwenye kuisimamia shughuli hiyo alikuwa mzee Ezra Meeker, aliyeipita njia yenyewe kwa gari la maksai mwaka 1852. Sidhani kuwa mzee huyo alikusudia kiganja kile kiwazuie wenzake, lakini Laura aliuchonga mkono ulionyooka kabisa, na mkono wa kukaribisha hukunjwa kidogo kiwikoni.

Kaskazini, kule Kanada, uwindaji uliingia katika fedha kwa mlango wa biashara. Kampuni ya Hudson's Bay, iliyopewa hati yake mwaka 1670, ilinunua kwa wenyeji ngozi za biva, mnyama wa mitoni ajengaye mabwawa kwa miti, ambaye manyoya yake yalifanywa kofia za mabwana wa Ulaya. Na kwa kuwa porini hapakuwa na sarafu, ngozi moja njema ya biva ikawa ndiyo sarafu, bunduki ikahesabiwa ngozi kadhaa na blanketi ngozi kadhaa. Katika karne ya 19 kampuni ilipiga chapa vipande vya shaba ya manjano vyenye thamani ya ngozi moja, nusu, robo na thumuni, na anayelikumbuka neno hili la mwisho kutoka kwa wazee wa pwani ataona kuwa biashara ina msamiati mmoja kila pahali. Basi Kanada ilipotoa dola yake ya kwanza ya fedha mwaka 1935, kuadhimisha miaka 25 ya Mfalme George wa Tano katika ufalme, mchongaji Emanuel Hahn alichora mtumbwi wa magome ya mti ukielea ziwani, ndani yake wamepiga magoti watu wawili wenye makasia, mmoja msafirishaji wa mizigo wa asili ya Kifaransa na mwenzake mwenyeji wa asili, na katikati yao kuna robota. Mwenye macho makali, au mwenye kioo cha sonara, ataona juu ya robota hilo herufi mbili ndogo, HB. Biva mwenyewe haonekani, na mtego wake hauonekani, ila wote wamo ndani ya robota.

Mchoro huo ulidumu zaidi ya nusu karne, ingawa fedha iliondolewa katika dola za kawaida mwaka 1968 ikawekwa nikeli. Mwisho wake ulikuwa wa kuchekesha: mwaka 1986 mihuri ya chuma iliyokusudiwa kuupigia katika sarafu mpya ilitumwa kutoka Ottawa kwenda Winnipeg, ikapotea njiani, na serikali kwa kuogopa mihuri hiyo isiangukie mikononi mwa wafua sarafu bandia ikaubadilisha mchoro kabisa, ikachora ndege wa majini. Watu wawili wale, waliovuka maziwa na maporomoko yote ya Kanada, wakapotea katika kifurushi.

Sisi watu wa pwani hatuna haki ya kuyatazama haya kama mambo ya mbali. Mwaka 1833 Sayyid Said alifanya mkataba na Marekani, na wafanyabiashara wa mji wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, walileta Unguja vitambaa ambavyo mpaka leo jina lake ni merikani, pamoja na riale za fedha, wakachukua pembe za ndovu. Pembe hizo ziliwindwa na Wakamba, Wamakua, Wanyamwezi na wengineo, kila mmoja kwa mbinu yake. Kwa hiyo riale iliyopimiwa dhahabu ya bi harusi, ambayo uzito wake ndio uliokuwa wakia, na wakia kumi na sita zikawa ratli, ilikuwa mara nyingi ni bei ya windo la mtu wa bara. Lugha yetu yenyewe imeyaunganisha, maana tunasema fedha kwa madini na fedha kwa mali. Walakini mwindaji huyo hakupata sarafu. Riale ya Sayyid Barghash ya mwaka 1299 Hijria, sawa na 1882, ina maandishi matupu, na pesa yake ya shaba ina mizani. Tanzania ilipotoa sarafu za fedha za hifadhi ya wanyama mwaka 1974, iliweka twiga katika shilingi 25 na kifaru katika shilingi 50. Kenya mwaka 2018 iliweka twiga, kifaru, simba na ndovu katika sarafu zake za kawaida. Windo limeenziwa. Mhadzabe wa Ziwa Eyasi, ambaye hadi hivi leo huchonga mshale wake na kupaka sumu, sijamwona katika sarafu yoyote iliyonipitia mikononi.

Kwa msomaji ambaye angependa kuanza kukusanya, yako machache ya kujua. Sarafu za wakusanyaji hazifuliwi kwa ajili ya sokoni, ingawa zimeandikwa thamani na kisheria zinakubalika. Kwa mfano, sarafu ya Kanada iliyoandikwa dola 20, yenye fedha safi ya 999.9 kwa elfu na uzito wa wakia moja ya masonara, si ile ya riale, huuzwa kwa bei iliyopita kiasi hicho, kwani anayeinunua hulipa fedha, ufundi, kisanduku, cheti na uchache wake. Zile zing'aazo mno zimepigwa zaidi ya mara moja kwa mihuri iliyosuguliwa, hata uwanja wake ukawa kioo na michoro yake ikawa myeupe kama umande. Hizo hushikwa ukingoni, si usoni. Fedha ikikaa hupatwa na weusi, na bibi zetu waliusugua kwa ukwaju mpaka kikuku kikang'aa, lakini ajaye na ukwaju kwenye sarafu ya kale amekata nusu ya bei yake kwa mkono wake mwenyewe. Za bandia zimejaa. Sumaku haivuti fedha, na mizani ya sonara haidanganyi, basi isiyotimiza uzito wake irudishwe kwa mwenyewe. Na aliyeambiwa kuwa sarafu hizi ni mali itakayopanda siku zote, ajue kuwa anayemwambia ana sanduku zima la kuuza.

Mimi huuliza jambo moja zaidi ambalo halimo katika vitabu vya bei, nalo ni jina la mchoraji. Kwa muda mrefu wawindaji walichorwa na watoto wa reli. Siku hizi kiwanda cha sarafu cha Kanada huwapa wenyeji wenyewe kalamu: mwaka 1999, eneo la Nunavut lilipoundwa, mpiga ngoma wa sarafu ya dola mbili alichorwa na Germaine Arnaktauyok, msanii wa Kiinuiti, na mwaka 2013 senti 25 ya ukumbusho wa maisha ya kaskazini ilichorwa na Tim Pitsiulak wa Kinngait, mtu ambaye alipotoka kwenye meza yake ya kuchorea alikuwa akienda baharini kuwinda. Aliweka humo nyangumi, beluga miongoni mwao, wanaokwenda majini bila mtu kuwafuata. Mwindaji hakujichora, wala hakuwa na haja, maana yuko pale anapowatazamia.

Sarafu hiyo si ya fedha. Ni chuma kilichovikwa nikeli, sonara hataitia mizanini, na ilitolewa kwa mamilioni. Katika zote nilizozitaja, ningeanza na hiyo.